Mchanga wa Shemeji

Nianze na Shemeji, maana bila yeye hakuna kesi.

Shemeji si mtu. Ni sanamu ya mazoezi ya kituo chetu cha zimamoto, yule tunayemkokota tukijifunza kumtoa mtu kwenye moshi. Ana kimo cha mtu mzima, ngozi yake ni makoti chakavu ya kazi, na ndani ni mchanga mtupu, kilo sabini na tano kamili. Nilimshona mimi. Sanamu ya zamani ilipooza nilibeba makoti hadi nyumbani, nikakaa kwenye cherehani ya mke wangu siku mbili, nikavunja sindano nne na kutukanwa kwa kila sindano. Kila mshono nilipitisha uzi mwekundu mara mbili. Siku nilipomleta kituoni begani, Ndevu akauliza huyu katoka wapi. Nikamwambia kazaliwa kwenye cherehani ya Mama Pacha. "Basi huyu ni ndugu wa mkeo," akasema. "Ni shemeji yetu. Mshikeni kwa adabu." Watu wakavunjika mbavu, na jina likaganda.

Ndevu alikuwa mwenzangu. Kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Motoni haingii mtu peke yake. Mnaingia wawili, mmoja mbele na mpira wa maji, mwingine nyuma na mkono begani kwa mwenzake, na humo ndani huoni hata kidole chako. Mkivuka mlango, mmoja anasema kwenye redio, "Tumeingia wawili." Mkitoka anasema, "Tumetoka wawili." Yule wa chumba cha simu anaandika saa kwenye daftari. Kwenye ubao wa zamu kila mmoja ana kibati chake chenye namba, na wenza wanatundika msumari mmoja. Kibati changu na cha Ndevu vilikaa msumari mmoja miaka ishirini na minne. Mimi wananiita Winchi kwa sababu zamani hapakuwa na kitu kituoni nisichoweza kukivuta.

Zamani, nasema. Halafu moyo ukanigeuka.

Na wala haukunigeuka motoni, angalau ningepata cha kusimulia. Nilikuwa naosha gari, jamani. Sifongo mkononi, sabuni hadi kwenye viwiko, saa nne asubuhi. Nilihisi mtu kanikalia kifuani, nikataka kumwambia Ndevu anishikie sifongo, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Yaliyobaki niliambiwa. Ndevu alinitupa begani akakimbia na mimi hadi kwenye gari la wagonjwa, na walinishtua kwa umeme mara mbili. Mishipa mitatu ilikuwa imeziba. Wakanipasua kifua katikati, wakachukua mshipa mguuni wakaupachika moyoni, wakanifunga kwa waya. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili.

Daktari wangu ni mama mmoja mfupi, mkavu, hana maneno ya kubembeleza. Akaniambia, "Mzee, chumvi acha." Nikamwambia nimeshakula chumvi nyingi tayari, si unaona mvi. Hakucheka. Akaniambia sigara acha, mafuta acha, dawa hizi tano ni za maisha, na kutembea ni dawa ya sita. Nikamuuliza nitarudi lini kwenye gari la moto. Akanitazama juu ya miwani yake. "Kwanza fika mlangoni," akasema.

Kituoni wakaniweka chumba cha simu. "Hallo, zimamoto, nini kinaungua?" Kutwa nzima. King'ora kikilia, wenzangu wanapita dirishani kwangu wakivaa makoti huku wanakimbia, gari linatoka, halafu nabaki mimi na kikombe changu cha maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nachukia kile kiti, nachukia na mto mdogo walioniletea wa kuegemea mgongo. Sheria yetu inasema ukitimiza hamsini na tano hupandi tena gari, utake usitake. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili na nusu tu. Niliitaka yote. Nilitaka nishuke kwenye lile gari siku yangu ikifika, kwa miguu yangu, Ndevu akiwa nyuma yangu. Kwa aliyetoka kituoni akiwa amelala kifudifudi begani kwa mtu, hilo si jambo dogo.

Nikaanza. Mlangoni, kweli. Kisha hadi kona ya mtaa na kurudi, Mama Pacha pembeni yangu ananishika kiwiko, na mimi namwambia niache, mimi si bibi harusi. Hospitali walikuwa na darasa la mazoezi kwa watu wa moyo, mara tatu kwa wiki. Nilidhani nitawaonyesha. Kwenye baiskeli ya pembeni yangu alikuwa mwalimu mstaafu, miaka sabini na mmoja, kifua kimepasuliwa kama changu, na alikuwa ananiacha kila siku huku ananisimulia habari za wajukuu. Aibu niliyoipata pale ndiyo iliyonifikisha mbali kuliko dawa zote.

Miezi sita nikawa napanda ngazi za jengo letu, ghorofa tano, Mama Pacha amekaa kwenye ngazi ya chini na saa. Miezi tisa nikawa napanda na mfuko mgongoni. Mwaka ulipotimia nilijaza magunia mchanga wa kilo sabini na tano, nikawa nayakokota kwenye korido, hadi jirani wa chini akapanda kuuliza kama tunahama. Nilipungua kilo kumi na sita. Kuna asubuhi nilitapika. Kuna asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiogopa kuinama kufunga viatu, maana nilijua hofu ile inakaa wapi. Nikapiga moyo konde, na moyo wenyewe ndio huo.

Daktari akanipandisha kwenye mashine ya kukimbia, nyaya kifua kizima, akaongeza mwinuko na kuongeza tena. Niliposhuka akasema, "Sijui umefanyaje." Mama yule, kusema hivyo, ni sawa na mwingine kupiga vigelegele. Akaandika: anafaa kwa kazi zote. Ikabaki mtihani wa kituo.

Mtihani wenyewe ni huu. Unavaa vazi zima la moto, na mtungi wa hewa mgongoni. Unapandisha mpira wa maji ghorofa nne za mnara, unashuka, unapiga tairi kwa nyundo mara ishirini, halafu unamkokota Shemeji mita thelathini. Dakika saba. Aliyetoka kwenye ugonjwa anapewa nafasi moja tu.

Siku ile zamu nzima ilitoka uwanjani. Mkuu wa kituo ameshika saa. Mama Pacha alikataa kuja, alisema atakuwa nyumbani na simu mkononi. Mnara nikaupanda vizuri, pumzi zangu nazihesabu nne nne nilivyofundishwa. Nyundo, ishirini, sawa. Nikamfikia Shemeji, nikainama, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikajikaza kwa kilo sabini na tano, nikavuta.

Kidogo nianguke chali.

Alikuwa mwepesi. Mwepesi wa kutia kichefuchefu. Mtu ambaye hajamshona asingejua, angedhani ni nguvu zake mwenyewe. Lakini mimi ninamjua Shemeji hata nikiwa usingizini, najua kiuno chake kinavyolalia upande wa kushoto. Kichwa kikaniambia simama hapo hapo. Miguu ikaniambia tumetoka mbali. Nikaisikiliza miguu, na hilo sitajisamehe. Nikamkokota mita thelathini nikirudi kinyumenyume, uso wangu umewaelekea wao, naona wanavyoshangilia. Walikuwa wanapiga makofi hata kabla sijafika mstarini.

"Dakika sita na sekunde kumi!" Mkuu akatangaza. Wakanibeba, wakaniita Winchi, Winchi. Wakanivisha kilemba cha ukoka mbele ya uwanja mzima, na mimi nikatabasamu. Ndevu peke yake alikuwa anatazama buti zake.

Nyumbani Mama Pacha alilia. Alikuwa ameshapiga pasi sare yangu. "Ngazi zile zote, Baba Pacha," akasema, "ngazi zile zote." Nikamwambia ndiyo, mke wangu.

Asubuhi yake niliwahi kituoni nikakitundike kibati changu. Msumari wetu ulikuwa na namba nyingine. Kibati cha Ndevu kilikuwa mwisho wa ubao, pamoja na cha koplo mmoja. Changu walikuwa wamenitengea msumari na Mgeni, jamaa mmoja mtulivu aliyehamia kwetu mwezi ule, mwenye watoto watatu na kicheko cha aibu.

"Ndevu ameomba mwenyewe," akasema Mgeni. "Mimi kwangu ni heshima, mkuu. Nimesikia habari zako."

Nikaenda stoo. Nikamtoa Shemeji kwenye kulabu, nikamweka kwenye mizani tunayopimia mitungi. Arobaini na sita. Nikamgeuza. Ubavuni, chini ya uzi wangu mwekundu uliokatwa, mtu alikuwa ameshona kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya ovyo, ya mwanamume aliyezoea kufunga mizigo. Nikamwita Ndevu. Alikuja, akasimama mlangoni.

"Shemeji kakonda," nikamwambia. "Na yeye kapewa dawa ya sita?"

Hakucheka.

"Kilo ishirini na tisa, Ndevu. Umeziweka wapi?"

Akanyoosha kidole. Nyuma ya rafu ya mipira kulikuwa na ndoo mbili zimefunikwa gunia.

"Nani wengine wanajua?"

"Zamu yote."

"Mgeni je?"

"Mgeni hapana."

"Na Mkuu?"

"Mkuu hakuuliza."

"Mlikuwa na kichaa gani nyie? Kumdanganya mtu kwa sanamu aliyoishona mwenyewe?"

Akaja ndani, akafunga mlango. Ndevu ni mtu mkubwa, na sijawahi kumwona hajui mikono yake aiweke wapi. "Tulisahau," akasema. "Haki ya Mungu, hilo tulilisahau. Mimi nilikuwa nawaza ule mvuto wa mwisho tu, kwamba ndio utakaokuua mbele yetu." Akaegemea mlango. "Wewe hukujiona siku ile, Winchi. Mimi nilikuona. Midomo ilikuwa ya bluu, povu la sabuni bado mikononi. Nilikimbia na wewe begani nakuambia usife, usife, na wewe ulikuwa umeshakufa, hunijibu. Usiku mpaka leo naota. Nikasema mimi tena, hapana."

"Kwa hiyo ukanifaulisha."

"Ulikuwa unautaka kufa kupona. Ningekunyima vipi?"

"Halafu ukahamisha kibati."

Akainama akaliweka sawa gunia juu ya ndoo. Nikamsubiri. Nje mtu alikuwa anaosha gari, maji yanapiga ubavuni mwa bati.

"Siwezi kuingia na wewe," akasema mwishowe. "Nitakuwa nakutazama wewe, sitautazama moto. Tutakufa wote."

Hilo ningeweza kulimeza. Kwa Mungu, ningelimeza. Hofu ni hofu, na mimi ninaijua. Lakini jambo jingine likanipanda kichwani.

"Na Mgeni? Mgeni ana watoto watatu, Ndevu. Unaamini kwamba sitaweza kumtoa mtu mle ndani. Unaamini kabisa, hadi ukachukua kisu na sindano. Halafu mtu unayemwogopa wewe, ukampa yeye?"

Akatazama zile ndoo.

Nikavuta ndoo. Nikakata uzi wake mweusi wote, nikarudisha mchanga, kibuyu kwa kibuyu, nikiushindilia kwa ngumi mpaka mizani ikasoma sabini na tano. Nikachukua uzi mwekundu kwenye kopo langu, nikashona. Ilichukua karibu saa nzima. Ndevu alisimama pale pale. Nilipokata uzi kwa meno nikamwambia, "Chukua saa. Twende uwanjani."

"Winchi, acha. Nakuomba, kaka."

"Chukua saa!"

Nilivaa vazi zima. Hapakuwa na mtu uwanjani zaidi yetu, wengine walikuwa kwenye chai. Nikapandisha mpira ghorofa nne. Nikashuka. Nikapiga tairi ishirini. Jasho linaingia machoni, kifua kinawaka kwa mazoezi wala si kwa kingine, na ninaijua tofauti, nimelala hospitali nikijifunza tofauti. Nikamfikia Shemeji. Alikuwa mzito kama mtu aliyelala usingizi wa kweli, na nilifurahi kumpata tena. Nikamvuta. Mita kumi miguu ikateleza. Mita ishirini nikasikia Ndevu analia, mwanamume mzima, anasema basi, basi, imetosha. Nikavuka mstari, nikamlaza Shemeji taratibu, kwa adabu.

"Ngapi?"

Akanionyesha saa, hakuweza kusoma. Dakika sita, sekunde hamsini na mbili.

Nilikuwa ninaweza. Siku ile mbele ya wote nilikuwa ninaweza, kwa uzito wote, na wao wakaniibia.

"Nisamehe," akasema Ndevu. "Umeweza. Nimeona kwa macho yangu. Nakihamisha kibati sasa hivi, tunarudi msumari wetu."

Nikavua helmeti. Nilitaka kusema ndiyo. Nataka mjue hivyo. Mdomo ulikuwa umeshaanza. Lakini nikakumbuka mle ndani kulivyo, giza la moshi, na yeye nyuma yangu ananiambia sakafu ni nzima, kanyaga, na mimi miaka ishirini na minne nakanyaga bila kuuliza.

"Acha kilipo," nikamwambia. "Kuanzia leo ukiniambia sakafu ni nzima, nitauliza kwanza. Na mle hakuna nafasi ya kuuliza."

Nikaenda kwa Mkuu na jasho langu. Nikamwambia naomba mtihani urudiwe, leo, mbele ya watu, Shemeji apimwe kwanza. Alikuwa anajaza fomu. Hakuuliza kwa nini apimwe. Akaweka kalamu chini, akaenda kufunga dirisha.

"Karatasi imeshasainiwa," akasema. "Nikiirudia, nimeandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa kiini macho. Zamu nzima itaadhibiwa, na mimi nikiwemo. Umefaulu, Winchi. Unataka nini zaidi?"

"Nataka nifaulu."

"Una mwaka mmoja na kidogo tu. Panda gari lako, umalize kwa heshima."

Ningeweza. Mgeni asingejua. Lakini kila king'ora kingelia, nyuso saba kwenye gari zingekuwa zinanitazama kifua, na Mgeni peke yake angekuwa anatazama mbele. Nikamwambia Mkuu basi anirudishe chumba cha simu. Aliisaini karatasi ya kunirudisha haraka mno. Hata hakujifanya kusita, na hilo liliniuma kuliko mchanga wote.

Nilipomsimulia Mama Pacha, alikunja sare aliyoipiga pasi, akaiweka kabatini.

"Umewakomoa?" akauliza.

"Nimewakomoa."

"Na wewe?"

Alikuwa amekaa kwenye zile ngazi mwaka mzima na saa mkononi, na mimi sikumuuliza kabla ya kuamua.

Sasa ni miezi saba. Kila asubuhi kabla ya zamu napanda mnara, napiga tairi, namkokota Shemeji. Sita na hamsini, sita na arobaini na nane. Wenzangu wanapita pembeni wakijifanya wana haraka. Mgeni tu ndiye anayesimama, anapiga makofi peke yake, na siku moja aliniuliza, mkuu, mbona na nguvu zote hizi unapokea simu? Nikamwambia umri. Juzi daktari alinisikiliza kifua akasema moyo huu utanifikisha themanini, niendelee hivi hivi. Nikamwambia ninaendelea, mama. Miaka ishirini na sita ya nguvu amenipa, na sina pa kuipeleka.

Jana mchana duka la magodoro liliungua. Simu niliipokea mimi, gari nikalituma mimi. Moshi wa godoro ni mweusi na una sumu, hauna mzaha. Dakika ya tisa redio ikakoroma, sauti ya Ndevu: "Tumeingia wawili." Nikaandika saa. Yeye na yule koplo. Nikaweka vidole kwenye mshipa wa shingo, kwa mazoea. Mapigo sitini na manne, yametulia, kazi nzuri kabisa. Nikakaa hivyo dakika kumi na moja, kalamu juu ya mstari.

"Tumetoka wawili."

Nikaandika saa. Redio haikuzimwa, nilikuwa nasikia anavyohema, pumzi nzito za mtu wa miaka hamsini na nne aliyetoka kwenye moshi na ambaye hajawahi kupanda ngazi ila kwa amri.

"Winchi," akasema. "Umepata?"

"Nimepata," nikamjibu. "Wawili."